Mama Funua na Meno ya Kitufe

Jina lake halisi limo kwenye daftari la mahudhurio, lakini hapa zahanati halina kazi. Tunamwita Mama Funua. Mzazi akija na mtoto, hata kama kaja kwa sababu ya kikohozi, huyu mwanamke atatoka chumba cha meno akikausha mikono, atachuchumaa mbele ya mtoto na kumwambia mama yake, "Mfunue mdomo, nione." Hataki mtoto aseme aaa kama kwa madaktari. Anataka mdomo wa juu uinuliwe kwa kidole gumba mpaka ufizi uonekane.

Mimi ni karani wa kadi. Dirisha langu linatazamana na mlango wake, kwa hiyo somo lake nimelisikia miaka tisa na ninaweza kulitoa huku nimesinzia. Mara moja kwa mwezi mlaze mtoto mapajani, inua mdomo wa juu, tazama pale jino linapoota kwenye ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chokaa, una bahati, wahi, jino hilo bado linaweza kurudi katika hali yake. Ukiona kahawia, umechelewa. Mpige mswaki wewe mwenyewe asubuhi na kabla ya kulala, usimwachie mtoto wa miaka mitatu kazi ya mtu mzima. Dawa iwe na floraidi, kiasi cha punje ya mchele, na akishatimiza miaka mitatu kiasi cha punje ya njegere. Ateme, asisukutue. Tunda alitafune, asikamuliwe juisi. Kitamu kikiwepo kiliwe pamoja na chakula, si kudokoadokoa mchana kutwa. Na mtoto asilale na chupa yenye kitu kitamu, kwa sababu akilala mate hupungua na sukari inabaki pale pale inakula meno. Akililia chupa ya kulalia, atiliwe maji.

Alikuwa mkali kwa hilo la chupa. Kuna baba mmoja alikuja na mtoto anayenyonya soda ya machungwa kwenye chupa. Mama Funua akamuuliza, "Wewe baba, usiku unalala na pipi mdomoni?" Yule baba akasema hapana. "Kwa nini?" Akasema zitamwozesha meno. Ukumbi mzima ulicheka, na baba wa watu akaenda kumwaga ile soda chooni bila kuambiwa. Wengine walisema nesi huyu ana mdomo. Ni kweli ana mdomo, lakini sijawahi kumwona akimcheka mtoto.

Mumewe ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kiwanda chake: mashine mbili, meza ya kukatia, pasi, na rundo la vipande vya vitambaa kwenye kona. Wana binti mmoja, na baba yake alimbandika jina la Kitufe tangu alipozaliwa, kwa udogo wake. Kitufe alikuwa anakwenda miaka miwili Mama Funua alipopata nafasi ya kozi ya jioni, ya miaka miwili, ili apande kutoka usaidizi hadi kuwa tabibu wa meno. Maana yake atoke nyumbani alfajiri, apitie zahanati, kisha darasani, na arudi mtoto keshalala. Walikaa chini yeye na mumewe wakakubaliana. Fundi yuko nyumbani siku nzima, basi meno ya mtoto yawe mikononi mwake.

Mama Funua akachora jedwali kwenye karatasi ya manila, kama lile analobandika kwenye madarasa ya shule anazozitembelea. Kila siku ina visanduku vitatu: mswaki wa asubuhi, mswaki wa jioni, na chupa ya maji matupu kwa usingizi wa mchana. Kila tarehe mosi alichora jipya akalibandika ukutani karibu na mashine. Kila akirudi alikuta tiki tatu. Anaziamini tiki huyu dada kama wengine wanavyoamini hati ya kiwanja. Shuleni mwalimu akiweka tiki, kwake watoto wamepiga mswaki, hana haja ya kuuliza tena. Mimi nilikuwa namwambia, "Dada, karatasi haina meno." Yeye anacheka tu.

Ilibaki Jumapili, siku yake ya pekee nyumbani. Mara ya kwanza alipotaka kumpiga mswaki mtoto, Kitufe alijipinda akalia, "Baba! Baba ndiye!" Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu akamwacha. Jumatatu alinihadithia dirishani, nusu anacheka, nusu ana wivu. "Nafunua midomo ya watoto mia kwa wiki, wa kwangu ananifukuza. Hivi nimeshasahaulika?" Nikamwambia watoto wa kike wote ni wa baba zao, asijitie presha bure. Tulikuwa wajinga wawili, na mmoja wetu alikuwa na vyeti. Mtoto alikuwa anaumia, na baba yake alikuwa amejifunza kupitisha mswaki juu juu mahali pasipouma.

Hapa lazima niseme na la kwangu, hata kama linaniaibisha. Siku moja mchana nilipeleka gauni langu likapunguzwe kiunoni. Kitufe alikuwa amelala kwenye rundo la vipande, chupa mdomoni, na kilichokuwamo kilikuwa cheupe.

"Shemeji," nikamwambia, "hayo si maziwa?"

"Maji hayo, shemeji. Nimeyatilia maziwa kidogo yabadilike rangi, maana akiona maji matupu halali, na mimi nina sare za shule arobaini za kutoa." Akanikonyeza. "Usimpelekee bosi wako maneno, atanifunga jela."

Nikacheka. Gauni langu lilikuwa tayari kesho yake, wakati wenzangu walisubiri wiki mbili. Nilijua yale hayakuwa maji. Nilijiambia ya nyumba za watu si yangu, nikavaa gauni langu.

Siku ya mambo kufumuka ilikuwa Jumatano, siku ya mama na mtoto, mwezi una tarehe kumi na mbili. Fundi alikuwa amekwenda kununua vitambaa kwa jumla, kwa hiyo Kitufe alikuja kazini na mama yake, gauni la njano, nywele zimesukwa, anasalimia kila mtu shikamoo mpaka walinzi. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Kina mama kama thelathini walikuwa wameketi kwenye mabenchi. Kwa kawaida Mama Funua huchagua mtoto mmoja wa kuonyeshea. Siku hiyo aliowajaribu wote walilia, basi akasema, "Tusipoteze muda. Kitufe, njoo kwa mama."

Akamlaza mapajani, kichwa kwake, miguu kwa mama aliyekaa mbele. Mtoto hakuleta fujo, nadhani kwa kuona macho ya watu wengi. Mama Funua alikuwa anatazama kina mama, hakutazama chini. "Mnainua hivi," akasema, akainua. "Hapa ndipo pa kutazama. Kwa mtoto ambaye meno yake yametunzwa, mtaona..."

Akatazama chini. Yule mama aliyeshika miguu ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona yameoza?"

Mimi nilisimama dirishani nikaona uso wa Mama Funua, kisha mdomo wa mtoto. Meno yote manne ya mbele ya juu yalikuwa na kahawia pale kwenye ufizi, na mawili ya katikati yalikuwa yameliwa nyuma kiasi kwamba yalibaki kama vigae vyembamba. Kitufe akicheka mdomo wake wa juu haupandi sana, ndiyo maana sisi sote tulikuwa tunaona ncha nyeupe na kusema mtoto ana tabasamu zuri. Kuna mtu benchi la nyuma alicheka. Mwingine akasema, "Na wa kwake pia!" Nilitamani nitoke nimpige kwa rundo la kadi.

Mama Funua alimaliza somo. Mpaka leo sijui alipata wapi nguvu. Alisema, "Huu si mstari mweupe. Hii ni kahawia, na hii maana yake tumechelewa. Huyu ni binti yangu. Sasa tazameni ya chini." Akashusha mdomo wa chini. Meno ya chini ya mbele yalikuwa safi, meupe kabisa. "Ya chini yamesalimika kwa sababu ulimi huyafunika mtoto anaponyonya. Mkiona hivi, ya juu yameharibika na ya chini mazima, msiulize uchawi. Ni chupa."

Kisha akamwinamia mtoto. "Kitufe, mchana unalala na nini?"

"Maji tu," Kitufe akajibu, haraka na kwa sauti ya shairi la darasani.

Daktari wetu ni mtu mzima mpole, ana wajukuu. Somo lilipokwisha alimpandisha Kitufe kwenye kiti cha chumba cha meno, akampa kioo kidogo achezee, akazungumza naye habari za paka. Halafu akauliza, kama anayeuliza habari za paka, "Na hayo maji ya mchana yana ladha gani?"

"Matamu."

"Anayatengeneza nani?"

"Baba anakoroga sukari. Vijiko viwili. Nikilia, vitatu." Akamtazama mama yake, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akasema kwa kunong'ona, "Baba alisema mama akiuliza niseme maji tu. Nikisema hivyo ananipa kipande cha kitambaa cha kumshonea mdoli."

Mama Funua hakulia. Alivua glavu moja, akasahau kuvua nyingine. Daktari akampa majibu kama anavyompa mfanyakazi mwenzake, bila kuzunguka: mawili ya katikati yamekwisha na moja limeshaanza kutunga usaha, yatoke, ya pembeni yanaweza kuzibwa yakasubiri wakati wake wa kung'oka, magego yana mistari myeupe, yapakwe floraidi, na hayo yatapona kama chupa itakufa leo.

Mama Funua alinikabidhi mtoto nimbebe, tukatoka kwenda kwao. Njiani aliniuliza bila kunitazama, "Wewe unapeleka nguo zako pale. Hukuwahi kuona kitu?"

Ningeweza kusema hapana. Niliifikiria kabisa hiyo hapana, ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimembeba yule mtoto, na mtoto alikuwepo siku ile ya gauni. Nikasema, "Niliona mara moja. Miezi saba iliyopita. Aliniambia nisikwambie."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akamchukua mtoto mikononi mwangu. Hakunifukuza, lakini hakunisubiri pia, nikawa nawafuata nyuma kama mtu anayedaiwa maelezo.

Fundi alikuwa ameshafika, anafungua marobota. Alivyouona uso wa mkewe alijua, maana alianza kucheka kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. Mama Funua alimpita. Alikwenda ukutani kwenye jedwali. Ilikuwa tarehe kumi na mbili, saa nane mchana. Tiki zilikuwa zimejazwa mpaka tarehe thelathini na moja, zote kwa chaki ya kukatia, zote kwa mwandiko mmoja wa mkono mmoja uliokaa siku moja ukazimaliza. Alikuwa akirudi usiku amechoka, anatazama visanduku vya siku ile tu, anakuta tiki, anakwenda kulala na moyo mweupe.

"Hata kesho umeshampiga mswaki," akasema. "Hata keshokutwa."

"Mama Kitufe, nisikilize. Nilikuwa naokoa muda."

"Mwezi mzima?"

"Kazi zilinizidi. Mtoto halali bila kitu. Nishone sare za watu huku ananing'ang'ania miguu kwenye pedali? Na wewe haupo." Alipoona hilo halikufika popote, akajaribu jingine. "Halafu ni meno ya utoto, mke wangu. Si yatang'oka tu?"

Mimi niliyekuja kwa aibu zangu nilisahau aibu, damu ikanichemka. Lakini Mama Funua alijibu taratibu, kwa ile sauti ya mabenchini. "Yanang'oka akiwa na miaka sita, saba. Ana mitatu na nusu. Kwa miaka mitatu atakuwa anakula bila meno ya mbele. Usaha ukiingia ndani ya ufizi unaharibu jino la ukubwani lisilotoka bado. Haya umeyasikia. Nilikufundisha wewe kabla sijamfundisha mtu yeyote. Ulinishikia picha nikijiandaa kwa mtihani."

Fundi akanywea. Akakaa kwenye kiti cha mashine.

"Sukari ningekusamehe leo leo," akasema mkewe. "Ungeniambia siku ya kwanza, 'Mke wangu, nimeshindwa, analia sana,' ningeacha kozi, ningeomba likizo, ningemleta mtu. Umeshindwa, sawa, watu wanashindwa. Lakini umemkalisha mtoto wangu chini ukamfundisha kunidanganya. Ukamlipa kwa vitambaa."

"Sikutaka ukasirike."

"Basi sasa sijakasirika," akasema, na hapo ndipo alipolia, amesimama, glavu moja bado mkononi.

Siku nane hakuzungumza na mimi. Kadi alizipokea dirishani kwa ncha za vidole. Sikulalamika. Siku ya tisa aliniwekea ndizi mbili juu ya daftari langu akasema, "Kula, zisije zikaoza," nikajua nimepunguziwa adhabu, si kufutiwa.

Siku ya kung'oa alitaka kitu kimoja: fundi ndiye ampakate Kitufe kwenye kiti. Yeye mwenyewe alisimama upande wa vifaa, akimpa daktari anachohitaji, kazi yake ya kila siku. Ganzi ilichomwa vizuri, mtoto hakuumia sana, lakini aliogopa, na alilia jina la baba yake huku baba yake ndiye amemshika mikono. Fundi alitoka pale shati limemlowa mgongoni. Nilimwona nje amekaa kwenye ngazi, nikampita. 

Tangu pale alibadilika kweli, lazima nimpe haki yake. Chupa alizitupa zote. Mchana akawa anamlaza mtoto kwa hadithi, mashine imezimwa, na sare zikichelewa wenye sare walimtukana yeye akameza. Alijifunza kuchemsha mayai, kukata karoti na matango, kumpa maziwa yasiyo na kitu kwenye kikombe wakati wa chakula. Asubuhi na jioni alimlaza mtoto mapajani akampiga mswaki hata kwenye lile pengo, polepole. Mama Funua aliacha kozi ikiwa imebaki muhula mmoja. Hakuna aliyemlazimisha. Nilimwuliza kwa nini asimalizie, akasema, "Nimalizie halafu nimwamini nani?" Magego yalipopimwa tena, mistari ilikuwa imefifia, na daktari alifurahi, na mimi nilidhani sasa wanaelekea kupona wote.

Jumapili moja Mama Funua alinialika, mara ya kwanza tangu mambo yale. Nilikwenda na papai. Tulikaa chumba cha mbele, mashine zimefunikwa, fundi anapasua papai, Kitufe anamvalisha mdoli wake. Ukutani hakukuwa na karatasi yoyote. Palikuwa na utulivu, na fundi alisema mzaha kuhusu kiuno changu nikamjibu, na Mama Funua akacheka. Nilifikiri moyoni, haya, nyumba imesimama.

Mchana huo, kabla sijafika, mama mtu alikuwa amekwenda sokoni kwa saa mbili na kumwacha mtoto na baba. Akakumbuka, akauliza kwa wepesi tu, kama mama yeyote, "Kitufe, nilipokuwa sokoni ulikula nini?"

Alikuwa amekula yai na vipande vya tango. Sahani ilikuwa bado mezani, maganda ya yai juu yake, sote tunayaona. Hapakuwa na kitu cha kuficha duniani.

Mtoto aliacha mdoli. Hakumtazama aliyemuuliza. Aligeuka akamtazama baba yake usoni, akasubiri.

Fundi aliweka kisu chini. "Sema tu, mwanangu," akamwambia, "sema ukweli." Kitufe akaendelea kumtazama, maana hakujua hilo ndilo jibu au ni lipi. Mama Funua aliinuka, akachukua ile sahani akaenda kuiosha, na maji ya bomba yalitiririka muda mrefu kuliko sahani moja inavyohitaji.